Mti Ulioachwa Nje ya Hesabu: Habari za Mbuyu Katika Kanda ya Kati

Mwanachama apandaye garimoshi Morogoro kuja Dodoma hupita mahali ambapo nchi hubadilika mbele ya macho yake. Toka Kilosa reli hufuata bonde la mto Mkondoa, kati ya milima yenye miti ya kijani. Kisha, akikaribia Gulwe, mvua zimekwisha pungua, ardhi imekuwa nyekundu, migunga imeanza, na katikati ya mashamba ya mtama na uwele imesimama miti minene ambayo wakati wa kiangazi haina jani hata moja, matawi yake yakielekea juu mfano wa mizizi. Mgeni aliyeketi dirishani huuliza: "Mti huu wafaa nini?" Na mwenyeji mara nyingi hujibu, bila hata kugeuza shingo: "Ah, huo ni mbuyu tu."

Jibu hilo ndilo lililonitia hamu ya kuandika makala haya. Katika kijitabu hiki cha kuadhimisha miaka 10 ya Chama chetu Kikuu, wenzangu wameandika habari za mazao, za maghala na za mikutano. Mimi niliombwa kuandika habari za miti. Ningaliweza kueleza mvule au mkangazi, miti mirefu ya misitu yenye mvua nyingi, ambayo mbao zake zimejenga milango na mashua toka zamani. Lakini miti hiyo si yetu sisi wa Ugogo na Kongwa, wa Bahi na Manyoni. Mti wetu ni mbuyu, ambao Wagogo huuita mpela. Nao, ijapokuwa umetulisha vizazi kwa vizazi, katika madaftari ya mazao haukupata mstari wake.

Nia yangu ni kuonyesha jambo moja tu: kwamba mara nyingi katika historia ya nchi hii, waliopanga mambo makubwa waliuona mbuyu kuwa si kitu, au kuwa kizuizi, na wenyeji walioishi nao walijua zaidi. Leo mipango imo mikononi mwetu wenyewe. Yafaa tujihadhari tusije tukarudia kosa lile lile.

Mti wa namna gani

Wataalamu huuita mbuyu Adansonia digitata. Jina hilo lilitolewa na Linnaeus wa Sweden kwa heshima ya Michel Adanson, Mfaransa aliyeuchunguza mti huu nchini Senegal katika karne ya 18. Namna za mibuyu zinazotambuliwa na wengi ni 8: moja ni hii yetu ya bara la Afrika, 6 ziko katika kisiwa cha Madagaska, na moja iko Australia. Mbuyu ni jamaa wa msufi, ule mti ambao pamba yake hutiwa katika mito na magodoro. Msufi hukua katika misitu minene ya mvua ya Afrika ya Magharibi, Kongo na Amerika, na huko huwa miongoni mwa miti mirefu kabisa. Jamaa hawa wawili waligawana dunia: mmoja akashika nchi ya mvua, mwingine akashika nchi ya ukame.

Dodoma hupata mvua ya milimita 550 hivi kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Mbuyu umejifunza kuishi kwa kipimo hicho. Shina lake ni laini, la nyuzinyuzi, nalo hushika maji mengi. Majani hutoka mvua zikikaribia na hupukutika kiangazi kikianza. Maua yake meupe hufunguka jioni, hutembelewa na popo usiku, na siku ya pili huanguka. Matunda huning'inia mtini mpaka yakauke, na ndani ya ganda lake gumu ubuyu waweza kukaa miezi mingi bila kuharibika. Kwa hiyo mti huu ni ghala lisilohitaji mlinzi.

Mbao hauna. Seremala hautaki, maana hauchongeki ukashika umbo. Mchoma mkaa huupita, maana kuni zake hazifai. Wengine wameufanya huo kuwa upungufu wa mbuyu. Bali mimi naona ndio uliokuwa bahati yake. Mipingo na mininga imekatwa kwa sababu ya uzuri wa mbao zao. Mbuyu umeachwa kwa sababu hauna uzuri huo, na kwa kuachwa umezeeka. Wapimaji waliochunguza mibuyu ya kusini mwa Afrika kwa njia ya kaboni walikuta mingine imepita miaka 1,000, na mmoja wa Zimbabwe ulikisiwa kuwa na miaka 2,450 hivi ulipokufa.

Msafiri Ibn Battuta, yule yule aliyefika Kilwa mwaka wa 1331, alipokuwa njiani kwenda Mali mwaka wa 1352 aliona mti mkubwa ulio wazi ndani, na mfumaji ameketi humo akifuma nguo. Wengi husadiki kuwa ulikuwa mbuyu. Huko Kordofani katika Sudani watu walichimba mashina ya mibuyu wakayajaza maji ya mvua yawe birika za kiangazi. Basi tusidhani kwamba maarifa ya mti huu ni ya Ugogo peke yake; ni maarifa ya Afrika yote ya ukame.

Zamani za misafara

Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara toka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita katikati ya Ugogo. Burton na Speke walipita mwaka wa 1857 pamoja na Sidi Mubarak Bombay, na Stanley alipita mwaka wa 1871 akimtafuta Livingstone. Kila msafara ulioacha Mpwapwa ulipaswa kwanza kuvuka nyika ya Marenga Mkali, isiyo na maji mazuri, kabla ya kufika penye vijiji vya Wagogo. Huko watemi walitoza hongo ya nguo na shanga, na wageni wengi waliandika kwa hasira kuhusu ushuru huo. Lakini tukiangalia kwa haki, katika nchi yenye visima vichache maji yalikuwa mali, na nafaka iliyouzwa kwa watu mamia ilitoka katika mashamba ya watu wachache. Wenyeji walikuwa wakiuza kilichokuwa haba.

Msafiri aliona mbuyu kuwa ni kivuli cha kupigia kambi. Mwenyeji aliuona kwa namna nyingine. Magome yake yalitoa nyuzi za kusokota kamba, na gome la mbuyu likichunwa kwa kiasi huota tena, jambo ambalo miti mingi haiwezi. Majani yake machanga yalikuwa mboga yenye utelezi mwanzoni mwa mvua, na yaliyosalia yalikaushwa na kutwangwa. Unga mweupe wa ubuyu ulikorogwa katika uji au katika maziwa. Mbegu zilikaangwa au zilitwangwa kwa ajili ya mafuta yake. Maganda yalikuwa vyombo vya kuchotea maji. Na juu, katika matawi na mapango ya shina, walikaa nyuki. Ndiyo maana hata leo mtu akitembea huona vigingi vilivyopigwa katika mashina ya zamani, ngazi ya warina asali.

Hayo yote hayakuandikwa katika hesabu za misafara. Waliandika pembe, nguo, shanga na bunduki. Mbuyu haukuandikwa, maana haukubebeka.

Miaka ya Mtunya

Reli ya Wajeremani iliyoanza Dar es Salaam mwaka wa 1905 ilifika Dodoma mwaka wa 1910 na Kigoma mwaka wa 1914. Mwaka ule ule vita vikaanza. Mwezi wa Aprili 1916 majeshi ya upande wa Waingereza yaliingia Kondoa, na mwisho wa Julai yakaingia Dodoma. Kabla ya kuondoka, Wajeremani walikuwa wamechukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Waingereza walipofika nao wakahitaji ng'ombe, nafaka na wapagazi. Akiba ya Ugogo ikatoka mara mbili kwa mabwana wawili. Kisha mvua zikakosekana, na homa kuu ya mwaka wa 1918 iliyozunguka dunia nzima ikafika na huku.

Njaa iliyofuata, kati ya miaka ya 1917 na 1920, Wagogo waliiita Mtunya. Makisio ya maofisa wa wakati ule yalikuwa kwamba watu wapatao 30,000 walikufa, kati ya watu wa Ugogo waliokisiwa kuwa 150,000. Kwa maneno mengine, katika kila watu 5, mmoja. Wengine walihama kwenda kutafuta chakula kwa jirani, na watoto wengi walikulia katika nyumba zisizo zao.

Katika njaa kama hiyo watu huenda porini. Hula mizizi, majani na matunda ambayo mwaka wa neema huachiwa watoto wachungao mbuzi. Ubuyu ni katika vyakula hivyo. Sisemi kwamba mbuyu uliwaokoa watu wa Mtunya; hesabu ya waliokufa yaonyesha kuwa hakuna mti unaoweza kujaza pengo la nchi iliyonyang'anywa mifugo na nafaka. Nasema tu kwamba serikali mbili zilipochukua kila kilichohesabika, kilichobaki ni kile ambacho hawakujua kukihesabu. Ghala la nafaka lilifunguliwa kwa amri. Mbuyu haukuwa na kufuli wala haukuwa katika orodha.

Kongwa na mpango wa karanga

Mbuyu ulipokuja kuandikwa katika vitabu vya serikali, uliandikwa kuwa kizuizi. Habari hiyo ni ya Kongwa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka wa 1946 Frank Samuel, mkuu wa United Africa Company, alipendekeza karanga zilimwe kwa mitambo katika Afrika ya Mashariki. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkuu wa kilimo katika Tanganyika, ulizunguka kwa majuma machache, kwa sehemu kubwa angani ndani ya ndege, ukarudi na taarifa ya kutia moyo. Waziri wa Chakula, John Strachey, akaupokea mpango. Ulikusudiwa kulima ekari 3,210,000 katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, kwa gharama ya pauni milioni 25 hivi. Kazi ikaanza Kongwa mwaka wa 1947.

Nchi ya Kongwa ilionekana kuwa tupu, nayo ilipendwa kwa sababu hiyo. Haikuulizwa sana kwa nini ni tupu. Wagogo walikuwa wakilima mtama na uwele na kufuga ng'ombe, wala hawakuweka tumaini la mwaka mzima katika zao moja, maana walijua kwamba mvua za pale ni za kubahatisha. Udongo wake huwa laini wakati wa masika, na kiangazi hukakamaa mfano wa saruji, hata karanga zilizokomaa chini ni vigumu kuzichimbua.

Matrekta yaliyokuja yalikuwa masalio ya vita, mengine yaliyotoka Ufilipino, na baadaye hata vifaru vya vita viligeuzwa kuwa mitambo ya kung'oa vichaka. Vichaka vyenyewe vilivunja majembe. Na katikati ya vichaka ilisimama mibuyu. Mti wa kawaida husukumwa ukaanguka, au hukatwa kwa msumeno. Mbuyu mkubwa, wenye shina la mita nyingi kwa mzunguko, una uzito wa maji ndani yake na mizizi iliyotambaa mbali pande zote. Na mtambo ukiugonga, wenyewe walio ndani hutoka: nyuki. Wafanya kazi walioumwa na nyuki wamo katika masimulizi yote ya Kongwa.

Mwaka wa kwanza ilikusudiwa kulima ekari 150,000, lakini zilizopandwa hazikufika hata 10,000. Mwaka wa 1949 ukawa wa ukame. Mwezi wa Januari 1951 mpango uliachwa, na fedha zilizofutwa katika vitabu vya Uingereza zilikuwa takriban pauni milioni 36. Sehemu ya nchi ile baadaye ikawa ya malisho ya ng'ombe, yaani kazi ambayo wenyeji walikuwa wakiifanya kabla hapajafika trekta hata moja.

Haingekuwa haki kusema kwamba mbuyu ndio uliouvunja mpango wa karanga. Uliovunja ni ukame, udongo, haraka, na mitambo iliyochoka. Lakini mbuyu ulikuwa shahidi aliyesimama mbele ya kila mtu. Mti unaoweka maji shinani na kuangusha majani miezi mingi ya mwaka unatangaza hali ya mvua za mahali pake. Mkulima wa Kigogo aliusoma ushahidi huo bila kitabu. Aliyepita juu kwa ndege hakuweza kuusoma. Aliyefika na mtambo aliuona kuwa kisiki cha kung'oa.

Baada ya Uhuru

Tusidhani kwamba kosa la namna hiyo ni la wageni tu. Sisi wenyewe, baada ya Uhuru, tulifanya mambo makubwa kwa nia njema, na mbuyu haukuwa katika mawazo yetu. Katika miaka ya 1970 na 1971, kwa Operesheni Dodoma, watu wa mkoa huu walihamishwa toka makao yao yaliyotawanyika wakawekwa katika vijiji. Shule, maji na zahanati zilisogezwa karibu, hilo halikanushwi. Lakini mtu aliyehama aliacha nyuma mahame yake, na pamoja nayo mibuyu ambayo babu yake aliitunza shambani. Zamani kila mtu alijua mbuyu huu ni wa shamba la nani. Baada ya kuhama, mbuyu ukawa wa yeyote apitaye.

Mwaka wa 1973 ilikatwa shauri kwamba Dodoma iwe makao makuu ya nchi. Mwaka huo huo ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uitwao HADO, kwa sababu ya makorongo yaliyokuwa yakila ardhi, hasa Kondoa. Na mwaka wa 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililoharibika huko. Aliyeyaona makorongo ya Kondoa kabla na baada ya hapo anajua ya kwamba nchi ikipumzishwa huweza kurudi. Mwaka wa 2018 Dodoma ikawa Jiji. Mashamba yamekuwa viwanja, na mbuyu uliokuwa kivuli cha wachungaji sasa umesimama katikati ya ramani ya mpima ardhi.

Ushirika nao ulipita katika majaribu. Mwaka wa 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na mwaka wa 1982 sheria ikapitishwa ya kuvirudisha. Nalitaja hilo kwa kuwa lina fundisho moja na habari za mbuyu: kilichochukua miaka mingi kukua chaweza kuondolewa kwa siku moja, lakini hakirudishwi kwa siku moja.

Ubuyu sokoni

Sasa mambo yamegeuka, na mti usiohesabika umeanza kutafutwa. Mwaka wa 2008 Umoja wa Ulaya uliruhusu unga wa ubuyu uuzwe huko kama chakula, na mwaka wa 2009 mlango ukafunguka Marekani. Yafaa tuangalie ni nani aliyeomba ruhusa ile ya Ulaya. Si tajiri mmoja, wala si serikali. Ni PhytoTrade Africa, umoja wa wafanya biashara wa mazao ya asili wa nchi za kusini mwa Afrika. Sheria ya Ulaya ilitaka uchunguzi na ushahidi mwingi kwa chakula ambacho hakijazoewa huko. Mtu mmoja mmoja asingaliweza, lakini waliokuwa pamoja waliweza. Kwa mwana ushirika hilo si jambo geni.

Sifa za ubuyu zimepimwa. Una vitamini C mara kadhaa kuliko chungwa kwa uzito ule ule, na una madini ya chokaa yafaayo mifupa. Vitamini hiyo huharibika kwa moto. Kwa hiyo mama anayemtilia mtoto ubuyu katika uji na autie baada ya sufuria kuepuliwa. Mafuta ya mbegu hutafutwa kwa ajili ya ngozi. Na katika nchi yetu wenyewe, nani asiyeujua ubuyu mwekundu wenye sukari na viungo, ule wa Zanzibar, ambao watoto huununua na kurudi nyumbani na midomo myekundu?

Lakini ni nani anayefaidika? Mara nyingi mama huokota, huvunja maganda, na hupeleka gunia barabarani. Mnunuzi huja na gari, hutazama kwa macho, na hutaka lumbesa. Gunia hupimwa kwa jinsi lilivyovimba, bei hutajwa na anayenunua, na anayeuza hupokea kwa kuwa jua linazama na kesho kuna ada ya shule. Wazee wetu walioanzisha vyama vya pamba na kahawa katika nchi hii waliijua hali hiyo, na ushirika ulizaliwa kutokana nayo. Kwa alizeti na ufuta tumejifunza mizani, ghala na stakabadhi, na Sheria ya Stakabadhi za Ghala imekuwapo tangu mwaka wa 2005. Kwa nini ubuyu ubaki katika biashara ya macho?

Hesabu iliyo mbele yetu

Liko jambo zito kuliko bei, nalo ndilo ninaloliombea uangalifu wa wanachama. Mkulima na atembee shambani mwake, aitazame mibuyu. Ataona mibuyu ya baba, ya babu na ya babu wa babu. Kisha na atafute mibuyu ya watoto: mche wa magoti, mti mwembamba kama mkono. Katika sehemu nyingi za mashamba na malisho hataipata.

Sababu si siri. Waswahili husema hata mbuyu ulianza kama mchicha, nao husema kweli kuliko wanavyodhani. Mche wa mbuyu hauna yale majani ya vidole vitano tunayoyajua. Una majani mamoja mamoja, na shina jembamba. Mwenye jembe asiyeujua huupalilia pamoja na magugu. Ukiponea jembe, mbuzi huumaliza wakati wa kiangazi. Basi mti unaoweza kuishi miaka 1,000 unauawa katika mwaka wake wa kwanza na mtu ambaye, akiulizwa, angesema anaupenda.

Mwaka wa 2018 wataalamu waliokuwa wakiipima mibuyu mizee kabisa ya Afrika walieleza kwamba katika 13 iliyozidi miaka yote, 9 ilikuwa imekufa, mizima au kwa sehemu, katika muda mfupi. Nao walishuku mabadiliko ya hali ya hewa. Mibuyu hiyo ilikuwa ya kusini mwa Afrika, si ya kwetu. Lakini mwenye busara, akiona ndevu za mwenzake zinaungua, hutia maji zake.

Kwa hiyo natoa maoni manne, ambayo viongozi wa vyama vya msingi waweza kuyajadili na kuyasahihisha.

La kwanza, tuhesabu. Kila chama kiandike mibuyu iliyomo katika eneo lake, na kila mbuyu ni wa nani au wa kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka wa 1999 imeweka usimamizi wa ardhi ya kijiji mikononi mwa halmashauri ya kijiji. Basi jambo hili na lipelekwe huko, ili desturi ya nani anachuma wapi iwe wazi, wala jirani wasigombane siku bei itakapopanda. Na kabla ya kukusanya kwa biashara, tuulize kwa ofisa misitu vibali vinavyotakiwa.

La pili, tuuze kwa mizani na kwa pamoja. Ubuyu ukaushwe juu ya turubai, si chini, na uwekwe pakavu. Hatukusahau mwaka wa 2016, ambapo sumukuvu katika mahindi iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Unyevu ni adui wa kila chakula ghalani.

La tatu, tupande. Mbegu ya mbuyu ina ganda gumu, nayo huchelewa kuota. Ikitiwa katika maji ya moto na kulowekwa usiku kucha huota upesi zaidi. Mche uwekewe uzio wa miiba kwa miaka ya mwanzo. Wenzetu wengi wa Dodoma wamekwisha jifunza, kwa njia ya Kisiki Hai, kuchagua chipukizi shambani na kulitunza badala ya kulifyeka. Macho yale yale yajifunze kuutambua mche wa mbuyu. Mwenye kupanda leo atangoja miaka mingi kabla ya tunda la kwanza, na pengine atakayechuma ni mwanawe.

La nne, tule kwanza. Haifai mtoto wa Kongwa akose kile ambacho mtu wa Ulaya anakinunua kwa fedha nyingi ili apate afya. Akiba ya nyumba itolewe kabla ya gunia la soko.

Ndugu wanachama, miaka 10 ni umri mdogo kwa chama, na kwa mbuyu si kitu kabisa. Mbuyu wa miaka 10 pengine haujatoa hata ua. Wajeremani, Waingereza na sisi wenyewe tumepita chini ya miti hii, kila mmoja na daftari lake, na hakuna aliyeiandika kama mali. Katika mkutano mkuu ujao, kila mjumbe aje na jambo moja dogo: hesabu ya mibuyu ya kijiji chake, mikubwa kando na michanga kando. Nadhani safu ya kwanza itatufurahisha. Safu ya pili ndiyo itakayotuonyesha kazi yetu.